Kihisi, pipa la jua, GPS au mizani: kipi kianze kwenye taka za Lamu?

Kwa miaka miwili hii nimekaa kwenye vikao vitatu ambapo mgeni anafungua sanduku lake, anatoa kidude cheupe kinachotosha kiganjani, anakibandika chini ya kifuniko cha pipa na kutwambia kwamba sasa mji wetu utajijulisha wenyewe taka zimejaa wapi. Kikao cha mwisho kilikuwa cha kamati ya mtaa wetu hapa Mkomani, nami nikapewa kazi ya kulinganisha vyote tulivyoonyeshwa. Nimeona niandike kwa upana kidogo, kwa sababu watu wa Shela wanafuatwa na wauzaji haohao, na jamaa zetu wa Malindi pia.

Jibu langu nalitanguliza, asiye na muda asihangaike. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, nunueni mizani, na simu iwe ya kuandika kilo. Vihisi vije baadaye na vifungwe pahali pachache. Pipa la jua linaloshindilia taka lisiletwe Lamu. Malindi hesabu yao ni nyingine, nitaifikia.

Kihisi cha ujazo

Kihisi, au sensa kama mafundi wanavyokiita, hufungwa juu ndani ya pipa kikaangalia chini. Hutoa mlio ambao sikio la mtu haliusikii, kisha kinasubiri mwangwi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye pipa tupu la kina cha mita moja na robo mwangwi hurudi baada ya milisekunde 7 hivi. Taka zikipanda, mwangwi huwahi, na kifaa kinapiga hesabu ya asilimia. Tarakimu hiyo hutumwa mara chache kwa siku, ama kwa laini ya simu ama kwa redio ya LoRaWAN, ambayo hutuma ujumbe mfupi sana kwa umbali wa kilomita kadhaa bila kula betri. Kwa kisiwa kama chetu njia hii ya pili ndiyo inayofaa: antena moja iliyowekwa juu vizuri inaweza kuhudumia sehemu kubwa ya mji, ingawa pipa lililojificha nyuma ya kuta nene za mawe ya matumbawe litasikika kwa tabu.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi mapema. Kihisi hurudisha gharama yake kwa safari zisizofanyika. Katika miji kilikobuniwa, lori hupita kwenye kila pipa hata lililo tupu, na kila safari iliyoepukwa ni dizeli iliyobaki kwenye tangi na mshahara wa watu watatu. Mji wa kale wa Lamu hauna lori linaloingia vichochoroni. Kuna punda. Safari ya punda kutoka Mkomani ambayo haikufanyika inaokoa nini? Majani atakula vilevile, na mwenye punda anataka riziki yake ya siku vilevile.

Jambo la pili ni joto letu. Zaidi ya nusu ya taka za miji ya Kenya ni mabaki ya jikoni na sokoni, yaani vitu vinavyooza. Mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja kukiwa na joto. Kwa hiyo pipa lenye vichwa vya samaki na maganda ya maembe linatakiwa liondolewe leo, hata kama kifaa kinasema limejaa asilimia 30. Kihisi hakina pua. Mji wa baridi unaweza kungoja pipa lijae, sisi hatuwezi, na kipimo cha ujazo peke yake kinaweza hata kumfanya mtu wa ofisini aamue kutotuma punda siku ambayo harufu imeshaingia kwenye madaka ya watu.

Jambo la tatu nimeliona kwa macho. Tulifungiwa kihisi kimoja cha majaribio kwenye pipa la karibu na gati. Mwezi wa kwanza kilifanya kazi vizuri. Baadaye, msimu wa kusi, kikawa kinasema pipa limejaa asilimia 90 usiku na mchana. Nikaenda kufungua kifuniko. Ndani hamkuwa na kitu ila dafu moja lililokwisha kunywewa. Mbele ya kijicho cha kifaa buibui alikuwa amekatiza utando, na utando umeshika vumbi na chembe za chumvi zinazong'aa kama sukari. Skrubu mbili zilikuwa zimeshaota kutu ya rangi ya manjano mbivu. Nikaufuta utando kwa pindo la kikoi, na jioni simu ikaonyesha asilimia 10. Aliyetufungia alituambia kihisi kikaguliwe na kufutwa kila wiki. Sawa, ni ushauri wa kweli, lakini ina maana lazima awepo mtu wa kufungua mapipa yote kila wiki, na gharama yake haikuwa kwenye karatasi ya bei.

Hata hivyo sikikatai moja kwa moja. Kuna pahali Lamu ambapo safari isiyofanyika ni pesa halisi, napo ni majini. Hoteli na nyumba za wageni zilizo ng'ambo ya Manda au upande wa Kipungani husafirisha taka zao kwa mashua ya injini. Kuvuka mlango wa bahari kwa magunia manne badala ya kumi na mawili ni petroli iliyoteketea bure. Mwenye hoteli wa huko akiniuliza, nitamwambia afunge kihisi kwenye pipa la taka kavu, chupa na makaratasi, na mabaki ya jikoni ayageuze mboji hukohuko kwake. Asisahau kudai skrubu za chuma kisichoota kutu cha daraja la 316, maana chuma cha kawaida hapa hakimalizi mwaka kikiwa na uso wake.

Pipa la jua linaloshindilia

Hili ndilo linalopendeza kwenye picha. Lina paneli ya sola juu na mtambo ndani unaoshindilia taka, likachukua kama mara tano ya pipa la ukubwa uleule, na likikaribia kujaa linatuma ujumbe. Mfano unaotajwa sana ni Philadelphia, Marekani, ambako mwaka 2009 mapipa ya katikati ya jiji yapatayo 700 yaliondolewa yakawekwa 500 ya kushindilia ya chapa ya Bigbelly, na safari za kuyaondoa taka zikashuka kutoka 17 kwa wiki hadi 5. Siupingi ushahidi huo. Lakini tazama kilichokuwa ndani ya mapipa yale: vikombe vya karatasi, magazeti, makopo. Vitu vya namna hiyo vimejaa hewa, na mtambo unatoa hewa.

Taka zetu zimejaa maji. Ukishindilia maganda ya nanasi na ya ndizi pamoja na mabaki ya wali unapata mchuzi mweusi chini ya pipa, na mchuzi huo utamwagika kwenye njia ambayo watoto wanapita kwenda chuoni. Halafu kuna uzito. Punda akibebeshwa theluthi ya uzito wa mwili wake tayari amebeba mzigo mkubwa, na mfuko uliotoka kwenye pipa la kushindilia haugawanyiki kwa urahisi pande mbili za shogi, yaani kibebeo cha mizigo mgongoni mwa punda. Pipa lenyewe hununuliwa kwa dola elfu kadhaa, fedha ambazo zingetosha mizani kwa kila mtaa wa mji huu na mishahara ya waandishi kwa miezi.

Na lipo kundi ambalo halikuulizwa: wale wanaookota chupa na vyuma kabla punda hajafika. Pipa lililofungwa kwa kufuli linawanyima riziki, na plastiki ambayo ingeuzwa inakwenda jaani.

Kitu kimoja tu nakichukua kutoka kwake, nacho ni kifuniko kizito. Kifuniko ambacho punda hawezi kukisukuma kwa pua kina thamani kubwa Lamu. Punda wanaozurura hula mifuko na kamba kwenye marundo ya wazi, plastiki inawaziba matumbo, na wengi wameshakufa kwa maumivu ambayo mwenye punda hawezi kuyaponya. Fundi seremala wa hapa anaweza kutengeneza kifuniko kama hicho bila paneli yoyote.

GPS ya punda

Kifuatiliaji cha GPS, kidude kinachoonyesha kwenye ramani mahali kilipo, kinawekwa kwenye trekta au lori, na wengine walitutolea wazo kivalishwe punda shingoni. Kwa trekta sina neno. Kwa punda ndani ya mji wa kale nina mawili.

La kwanza ni la kiufundi. GPS inahitaji kuona anga ili ipokee setilaiti kadhaa kwa pamoja. Baadhi ya vichochoro vyetu upana wake haufiki hata mita mbili, na nyumba za ghorofa mbili tatu zimesimama pande zote, pengine zimeunganishwa juu kwa wikio. Anga ni ufito tu. Ishara hugonga ukuta mmoja ikarudi kutoka mwingine, na kwenye ramani punda anaonekana anaruka kutoka uchochoro mmoja hadi mwingine, akipita ndani ya nyumba za watu. Ukitaka kuthibitisha kama alipita mlango fulani, ramani hiyo haitakusaidia.

La pili ni heshima. Kumfuatilia punda ni kumfuatilia mwenye punda: amesali wapi, amepumzika kwa nani, amerudi nyumbani saa ngapi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka mtu aelezwe data yake inachukuliwa kwa kazi gani. Hata bila sheria, kijana anayebeba uchafu wa mji mzima hastahili kuchungwa kama mshukiwa. Kama mnataka kujua mtaa umehudumiwa au la, bandikeni kigae kidogo chenye msimbo wa QR mwanzo wa kila mtaa, mwenye punda aukamate kwa simu anapopita. Ni yeye anayesema nimefika, na anaposhika kazi nyingine hakuna anayemtazama. Vigae hivyo viwekwe kwa makubaliano na Makumbusho ya Taifa, maana mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 na kuta zake hazipigiwi misumari ovyo.

Kadi ya nyumba kwa nyumba

Seoul, Korea Kusini, kwenye majengo mengi ya ghorofa kila nyumba inagusisha kadi kwenye pipa la mabaki ya chakula, pipa linafunguka, linapima, na mwisho wa mwezi bili inakuja kwa uzito. Ni mpango mzuri, nao ulijengwa juu ya misingi ya miaka mingi: Korea ilianza kuuza mifuko rasmi ya taka mwaka 1995, ikakataza mabaki ya chakula kupelekwa moja kwa moja jaani mwaka 2005, na mapipa ya kadi yakaenea kuanzia 2013. Watu walikuwa wameshazoea kulipia wanachotupa. Hapa kwetu nyumba moja inaweza kuwa na familia tatu, na bahari iko hatua mia kutoka mlangoni. Ukianza kwa kutoza kwa kilo, taka zitakwenda baharini usiku. Nimalizie hapo kuhusu kadi.

Mizani na simu

Niliamka alfajiri tatu mfululizo kwenda kukaa na wenye punda upande wa Langoni. Mmoja wao, mzee ambaye ameifanya kazi hii tangu sijaanza shule, alikuwa anafunga shogi kwa kamba ya katani, gunia moja kila upande, na kila akimaliza upande mmoja anamwegemea punda ili mzigo usipinduke. Nikamweleza habari ya vihisi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi huulizwa nimepita au sikupita. Hakuna aliyeniuliza nimebeba nini."

"Ni kweli, ami."

Nikamwomba tupime. Tulikuwa na mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ya kilo 100, tukaifunga kwenye boriti iliyotokeza kwenye ukuta wa banda. Gunia la kulia kilo 31. Gunia la kushoto, lililoonekana kubwa zaidi, kilo 9, kwa sababu lilikuwa la chupa za maji na mifuko ya unga. Pale pale nikafahamu kwamba kihisi kingeyaona magunia haya kinyume: kikubwa kingehesabiwa ndicho kizito, na hicho ndicho ambacho hakina haraka wala hakinuki, tena ndicho chenye mnunuzi.

Plastiki huuzwa kwa kilo. Lamu tunalijua hilo vizuri, maana hapa ndipo fundi Ali Skanda na wenzake walipojenga Flipflopi, jahazi la plastiki zilizookotwa na ndara kuukuu zipatazo 30,000. Lilishushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Taka iliyopimwa ina bei, na yenye bei ina mtu wa kuifuata. Ujazo wa pipa hauna mnunuzi.

Upande wa simu si lazima programu ya kununua. KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, hukuruhusu kutunga fomu mwenyewe: namba ya mtaa, aina ya taka, kilo, picha ya kioo cha mizani. Inafanya kazi bila mtandao, inahifadhi, halafu inatuma ukifika penye bando. Picha ya kioo ni muhimu. Palipo na malipo kwa kilo, mchanga mbichi hupata njia ya kuingia kwenye gunia, na picha inayoonyesha gunia lenyewe pamoja na namba inapunguza vishawishi kwa pande zote mbili, apimaye na apimiwaye.

Ubovu wake nisiufiche. Mwenye punda hawezi kushika simu: mikono ina uchafu, na kamba haiachiliki. Anahitajika mtu wa kusimama kwenye mizani kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne asubuhi, na mshahara wake ndio gharama kubwa ya mpango mzima, kuliko vifaa vyote. Wafadhili wanapenda kununua vifaa, mishahara wanaikwepa. Hapo ndipo kamati isimame imara. Zipo mizani zinazotuma kilo zenyewe kwenye simu kwa Bluetooth, nazo zinaondoa makosa ya kuandika, ila zichukuliwe mwaka wa pili, baada ya kujua mnahitaji nini.

Baada ya miezi mitatu ya kupima mtakuwa na kitu ambacho kaunti inakihitaji. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinakotoka na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua. Kituo hicho kiwe na ukubwa gani? Mashimo ya mboji mangapi? Punda wangapi waongezwe mwezi wa Ramadhani, wakati majiko yanawaka alasiri mpaka daku na taka hutoka usiku, au wiki ya Maulidi, wageni wanapojaa mji mzima? Maswali hayo yanajibiwa kwa kilo za kila mtaa kwa kila siku. Ukienda ofisini na daftari la kilo, mazungumzo hayawi tena ya kulalamika.

Na Malindi?

Malindi nageuza mpangilio. Barabara zipo, trekta na malori yanapita, hoteli zimetawanyika kutoka mjini hadi Casuarina, na kila mzunguko ni lita za dizeli. GPS kwenye lori ingekuwa ya kwanza kwangu, kwa kuwa anga ni wazi na lori ni mali ya umma au ya kampuni, si mwili wa mtu. Ya pili ingekuwa vihisi kwenye makontena makubwa ya hoteli na ya soko, kwa sharti kwamba kontena la soko linaondolewa kila siku bila kusikiliza asilimia. Mizani ya kupimia lori zima getini mwa jaa ni ghali, lakini mji wenye hifadhi ya bahari tangu 1968 una sababu ya kutaka kujua tani ngapi zinafika jaani na ngapi zinapotelea njiani kuelekea ufuoni.

Kabla ya kutia sahihi

Yeyote atakayekuja na sanduku, wa vihisi au wa mizani, muulizeni haya. Data ni ya nani mkataba ukiisha, na je, tunaweza kuitoa yote kwenye faili la kawaida? Ada ya mwezi ni kiasi gani kwa kila kifaa, na ikikosekana miezi miwili kifaa kinazimika? Betri za lithiamu zisizochajika zikifa baada ya miaka yake, nani atazirudisha bara, kwa kuwa kisiwani hatuna pa kuzipeleka? Kifaa kikiharibika, kuna fundi Lamu au tunangoja mtu kutoka Nairobi? Ukikosa jibu la swali hilo la mwisho, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa mtaa wetu nimeshapendekeza mizani mbili. Moja itakaa upande wa Langoni kwenye boriti ileile, ya pili hapa Mkomani karibu na birika ambapo punda hunywa maji wakirudi, kwa sababu pale husimama wenyewe bila kuvutwa, na kivuli cha mwarobaini kinafika hapo mpaka saa tano. Anayetaka kuja kuona upimaji aje kabla ya saa moja asubuhi.